Mdogo wangu hakukosa makusudi. Jaji atajuaje?

DadaMkubwa:
Habarini ndugu zangu. Niko Florida, namtafuta aliyewahi kupitia haya. Mdogo wangu yuko kwenye probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya ofisa anayemsimamia, imebaki miezi saba. Mwezi uliopita kuna Jumanne hakufika kuripoti, na fidia aliyoamriwa na mahakama kulipa ana deni la miezi miwili tangu aachishwe kazi. Ofisa wake ameandika kwamba amevunja masharti, sasa yuko ndani. Siku ile gari lilimzimikia njiani. Simu yake ninayo mimi: alimpigia ofisa mara nne kati ya saa 2:52 na saa 3:20 asubuhi, hakupokelewa. Yeye ameshakata tamaa, anasema atakiri tu yaishe. Mimi silali. Mtu anafungwa kwa jambo ambalo hakulitaka?

Mkalimani:
Pole sana dada. Mimi natafsiri mahakamani, si wakili, ila kesi hizi nimezikalia nyingi. Asikiri chochote kabla hajakaa na wakili! Akishakiri, mwendesha mashtaka hana tena cha kuthibitisha.

Florida haitoshi kusema sharti limevunjwa. Serikali lazima ionyeshe alilivunja kwa makusudi, na kwamba ukiukaji wenyewe ni mzito. Tatizo ni kwamba jaji anaamua peke yake, na hahitaji kuridhika pasipo shaka kama kwenye kesi ya jinai ya kawaida. Anaangalia tu ushahidi wa nani una uzito zaidi. Kwa hiyo zile simu nne ni mali. Ombeni orodha ya simu kutoka kampuni ya simu, na risiti ya aliyevuta gari au fundi.

Kwenye fidia, mwulizeni wakili kuhusu kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, 1983. Yule bwana alitakiwa kulipa dola 750. Akakopa kwa wazazi, akalipa 200, kisha akapoteza kazi. Kusoma hajui, kazi nyingine akaikosa, probesheni ikafutwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jaji hawezi kumfunga mtu kwa kutolipa bila kuuliza kwanza kwa nini hakulipa. Mwenye nazo akigoma, au asipojitahidi kuzitafuta, anaweza kufungwa. Aliyehangaika kweli akakosa, lazima zitazamwe adhabu nyingine kwanza.

Lakini hayo mahangaiko yaonekane. Nilimtafsiria kijana mmoja aliyesema, "Nimetafuta kazi sana." Jaji akamwuliza wapi, lini. Kijana akatazama mikono yake, hakuwa na hata karatasi moja. Nilikaa pale sina neno la kutafsiri, iliniuma. Kusanya barua ya kuachishwa kazi, maombi aliyotuma, taarifa za benki.

BabaWawili:
Mimi yalinikuta. Nilikosa siku moja, nikaona aibu, nikakaa kimya wiki mbili. Kimya ndicho kilichonifunga, si ile siku. Dada, baada ya zile simu alimtafuta tena?

DadaMkubwa:
Nimerudi kwenye ujumbe wake sasa hivi. Saa 4:10 siku ileile aliandika: "Samahani ofisa, gari limekufa, naweza kuja kesho?" Haukujibiwa. Risiti ya fundi bado iko ndani ya gari, naifuata. Wakili wake namwona kesho asubuhi. Mungu awabariki.