Kanisa letu huku Minnesota wanakuja Iringa wiki mbili "kujenga darasa", mimi ndo mkalimani. Niwashauri nini?

Mtoto wa Kitonga

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Niko Minnesota mwaka wa sita sasa, nasali kanisa la Kilutheri ambalo weusi ni mimi na familia moja ya Waliberia basi. Mwezi wa saba watu 14 wanasafiri kuja Tanzania, safari ya misheni ya siku 15 kwenye kijiji kimoja cha Iringa, na kwa vile mimi kwetu ndo hukohuko wameniomba niende nao nikawatafsirie, tiketi yangu wanalipa wao.

Mpango wao uko hivi, wajenge darasa moja la shule ya msingi, siku mbili wapime watu afya na kugawa dawa, siku moja kituo cha yatima kucheza na watoto, afu mwisho Ruaha wakaone tembo. Kila mtu mabegi mawili ya kilo 23, moja lake moja la nguo za kugawa.

Sasa jumapili iliyopita baada ya ibada tumekaa chini kule tunakunywa kahawa, bibi mmoja wa miaka 71 kanishika mkono kaniambia ameoka na kuuza keki miezi nane kupata nauli. Akaniuliza tofali za kwetu zina uzito gani, maana kila asubuhi ananyanyua madumu ya maji gereji kwake asije akawachelewesha mafundi. Wakuu nilishindwa kumjibu. Kijijini kwetu nawajua vijana wanaotafuta kibarua cha kubeba zege hata cha siku moja hawapati, na huyu bibi anafanya mazoezi kwa upendo kabisa aje afanye kazi ileile bure.

Nimepiga hesabu, tiketi kama dola 2,000 mara 14 ni 28,000, kwa hela yetu inakaribia milioni 70. Mnakumbuka 2021 yale madarasa ya fedha za UVIKO-19, kila darasa lilitengewa milioni 20. Kwahiyo nauli tu ni madarasa matatu na hela inabaki. Niwaambie? Na nikiwaambia nitawaambiaje bila kuwavunja moyo? Na niseme ukweli wote, mimi mwenyewe natamani hiyo safari, mama yangu sijamwona toka niondoke.

Fundi Timazi

Mkuu pole na majukumu. Mimi ni fundi mwashi, nimejenga na wageni wa namna hiyo mara tatu, mikoa tofauti. Sina ubaya nao hata kidogo, wanajituma, wanaungua jua mpaka shingo zinabambuka na hawalalamiki.

Ila darasa haliishi siku kumi, hata uwe na watu mia. Kuna msingi, kuna jamvi, kuta, lenta, kenchi, bati, plasta, sakafu. Ukishamwaga zege la lenta unalimwagilia maji siku saba lisipasuke, hapo huwezi kulikimbiza kwa maombi. Kwahiyo kinachotokea ni kwamba wanakijiji wanachimba msingi na kusomba mchanga na mawe kabla wageni hawajafika, wageni wanafika kwenye kozi za ukuta maana ndo sehemu inayoonekana kwenye picha, wanaondoka. Jengo moja nililofanya nao lilibaki kwenye lenta miaka miwili, mvua ikalipiga, kozi za juu tukazitoa tukaanza upya kwa sababu kila mtu alijua wageni wamejenga darasa, kumbe bati hakuna aliyeziweka kwenye bajeti.

Swali la kuwauliza wenzako sio tofali zina uzito gani, waulize bati nani ananunua na fundi wa kuezeka analipwa na nani tarehe ngapi. Wakikujibu vizuri hilo, mengine yatakaa sawa hata kama wote 14 watakuja kukaa chini ya mti.

Mama Tumaini

Kamwene mwanangu. Mimi mume wangu ni mchungaji, huku kwetu tumepokea wageni kutoka nje zaidi ya mara moja na kuna jambo sijaona mtu analisema, wenyeji nao wanatoa.

Wageni 14 ni ndoo za maji. Maji ya kuoga asubuhi na jioni, tena ya moto maana mwezi wa saba baridi ya huku unaijua, ni kuni, ni wakina mama wanaamka saa kumi usiku. Mwaka tuliopokea watu 12 tulichanga kuku, mchele tulinunua mjini kwa sababu tuliambiwa ugali hawajauzoea, mzee mmoja mjane akatoa mbuzi aliyekuwa amemuweka kwa ajili ya ada ya mjukuu wake. Watoto wangu walilala sebuleni siku zote hizo. Na hatukusikia uchungu, mgeni ni baraka, lakini mwisho wa ziara kiongozi wao alisimama kanisani akashukuru akasema wamefurahi kuweza kuwasaidia watu wasio na kitu. Mkalimani naye akatafsiri hivyohivyo neno kwa neno. Yule mzee wa mbuzi alikuwa benchi la pili, niliona alivyoinamisha kichwa.

Kwahiyo wewe ndo mkalimani, kazi yako ni kubwa kuliko unavyodhani. Waambie kabla hawajapanda ndege kwamba wanakuja kula mbuzi wa mtu. Waambie jumapili wasikimbilie gari baada ya ibada, wabaki kwenye mnada wa sadaka, mtu akileta boga au jogoo lake linanadiwa pale nje na wao wanyooshe mkono kama washarika wengine. Mgeni mmoja alinunua boga akalibeba kichwani mpaka kwangu tukalipika naye, mpaka leo watu huku wanamtaja kwa jina. Za kwake ndo salamu tunazoulizia.

Nesi wa Zahanati

Naongelea hizo siku mbili za dawa tu. Nafanya kazi zahanati ya kijijini, sitataja wapi. Ilikuja timu ya watu wa kanisa, wapo wauguzi wa kweli ndani yake, walipima presha za wazee kama 200 kwa siku mbili na kila aliyeonekana ipo juu akapewa dawa za siku 30. Maandishi kiingereza, daftari la wagonjwa wakaondoka nalo. Mwezi uliofuata wazee wanakuja kwangu na kikopo kitupu wanataka "zile za wazungu", sina aina ile, sijui walianzishiwa kipimo gani, bibi mmoja aliacha kabisa kunywa dawa akisubiri warudi. Alipata kiharusi miezi mitano baadae. Siwezi kusema ni kwa sababu hiyo peke yake lkn nimemhudumia mimi na sijasahau.

Halafu sheria zipo. Dawa kuingia nchini lazima kibali cha TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, huwezi kuzipakia tu kwenye begi na nguo. Miongozo ya WHO ya dawa za msaada inasema zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, sisi tumeletewa zilizobakiza wiki sita. Daktari mgeni anatakiwa asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa. Na viza ya utalii hairuhusu kazi hata kama ni ya kujitolea, waende Uhamiaji mapema waulize kibali kinachowahusu.

Wakitaka kusaidia kweli waandike kwa mganga mfawidhi wa zahanati ya hapo waulize kinachopungua. Mimi ningeulizwa ningesema mashine mbili za presha na betri zake na hela ya kukata bima ya wazee.

Wafula254

Ndugu yangu hiyo siku ya yatima waombe waiondoe kabisa, nakuomba kama mtu aliyekulia huko. Nimelelewa kwenye home (kituo cha watoto) hapa Kenya kuanzia miaka sita hadi kumi na saba na nilikuwa na mama hai, alikosa tu karo na chakula. Kila Juni mpaka Agosti tulikuwa tunapangwa kwa mstari kuimbia wageni, anakubeba, anakuita jina zuri, analia akienda, wiki inayofuata kuna mwingine. Dada yangu mdogo alikuwa anashika shati la kila mgeni hataki kuliachilia, mpaka siku moja akaacha kushika, akawa hata jina lake haambii mtu. Hiyo ya pili ndio iliniuma zaidi.

Huku Kenya serikali ilisimamisha kusajili homes mpya 2017, na sheria ya watoto ya 2022 inasukuma watoto warudi kwa familia. Haiti 2010 baada ya tetemeko Wamarekani 10, wengi wao watu wa makanisa ya Baptist Idaho, walishikwa mpakani wakiwapeleka watoto 33 Dominican Republic na ikajulikana wale watoto wana wazazi. Walidhani wanaokoa. Hela ya hiyo siku moja mwambie mchungaji aipeleke kwa mama kama wangu.

Msharika Mwema

Naona mnamkatisha tamaa mwenzetu. Mimi nimesoma sekondari kwa ada iliyotoka kwa watu wa usharika wa Minnesota, na mzee aliyenilipia alinifahamu kwa sababu alikuja, alikaa kwetu, akala makande na baba yangu. Asingekuja asingenijua na hela yake angenunulia boti. Hiyo hesabu ya nauli mara 14 inaonekana nzuri kwenye karatasi lkn watu hawachangi milioni 70 kwa kijiji ambacho hawajawahi kukikanyaga. Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul ya hukohuko Minnesota wana uhusiano wa zaidi ya miaka 30, wanauita Bega kwa Bega, na umedumu kwa sababu watu wanaendeana. Nachoongezea kwa ya Mama Tumaini ni hiki, isiwe upande mmoja tu unaopanda ndege. Mchungaji wa kijijini akiomba viza ya Marekani analipa ada isiyorudi na anaweza kunyimwa, hapo ndo wenzako wa Minnesota wanaweza kumpigania kwa barua na mwaliko.

Mtoto wa Kitonga

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, dada nesi na ndugu Wafula niliwasoma usiku sikulala.

Nilimpigia mchungaji wa kule. Nikamuuliza nyie mliomba darasa? Akanyamaza kidogo akasema waliulizwa "mtapenda tuwajengee darasa" wakasema ndiyo, nani angekataa. Wanachohitaji ni kumalizia paa la nyumba ya mwalimu iliyokwama, fundi wao yupo, na wageni wafike jumapili ya mavuno.

Jana nikasimama kwenye kikao, nimewasomea maneno ya Mama Tumaini yote, la mbuzi na la boga, nimetafsiri bila kupunguza. Kulikuwa kimya. Yatima wameondoa, dawa wameondoa, nesi wao mmoja ataandikiana na zahanati. Hela ya paa inatumwa mwezi wa tano ili fundi aanze. Wawili wamekasirika wamejitoa, wamebaki 12. Nguo bado tunabishana.

Yule bibi wa madumu alinifuata mlangoni akaniuliza sasa yeye atafanya nini. Nikamwambia mwezi wa saba jioni watu wanakaa uani wanapukuchua mahindi, akae nao. Akataka kujua yanapukuchuliwaje, nikamwonyesha kwa kidole gumba. Akauangalia wake, akasema huo bado una nguvu.

Mama Tumaini naomba nikutafute inbox, nataka kujua huko tukija tubebe mchele wetu au itakuwa ni dharau.