Mrejesho: yule wa utafiti wa Mrs Dalloway

Wakuu, mimi ndo yule wa Moshi niliyeuliza nianzie wapi kwenye majukumu ya kijinsia na afya ya akili ndani ya riwaya ya Mrs Dalloway ya Virginia Woolf (1925), maana msimamizi alinirudishia pendekezo kaandika kwa peni nyekundu "wanawake tu?"

Basi mmoja wenu akanambia muache Clarissa (ndo Mrs Dalloway mwenyewe) kwanza, msome Septimus, yule askari. Nikakaa na kitabu kwenye daladala ya Kiborloni mpaka nikapitilizwa kituo. Kumbe jibu lipo pale! Jamaa katoka Vita ya Kwanza ya Dunia, afisa wake Evans, rafiki kabisa, kafa, na yeye anajipongeza hajaumia moyoni, si ndo uanaume huo, baadae anaanza kumuona marehemu. Dokta Holmes anasema huna tatizo, daktari mwingine, Bradshaw, anataka akapumzishwe mbali na mkewe, mwisho anajirusha dirishani. Clarissa anaisikia hiyo katikati ya sherehe yake, na wala hawajawahi kujuana. Nikamkumbuka mjomba wangu, dawa yake ilikuwa "jikaze" tu.

Pendekezo limepita juzi, ila sura ya nadharia naambiwa nipunguze kurasa sita, khaa. Aliyenishauri kama upo Moshi, mtori juu yangu.