Eneo la sebule liandikwe hadi desimali ngapi?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nimepima sebule yangu kwa tepu nikapata urefu wa mita 4.17 na upana wa mita 3.62, nikisoma hadi sentimita iliyo karibu. Kikokotoo kimenipa eneo la mita za mraba 15.0954. Mwanangu wa kidato cha pili anasisitiza kwamba niandike tarakimu zote kwa kuwa, asemavyo, jibu refu ndilo sahihi zaidi. Fundi naye anasema "kumi na tano" basi. Nani yuko sahihi, na niagize boksi ngapi za vigae vya sentimita 60 kwa 60, ambavyo huja vinne kwa boksi?

Jibu la 1
Ndugu muulizaji, kikokotoo hakijui kwamba ulitumia tepu. Ulipoandika 4.17 ulimaanisha kwamba urefu wa kweli uko kati ya 4.165 na 4.175, na upana vilevile uko kati ya 3.615 na 3.625, ukizidisha vipimo viwili vidogo unapata takribani 15.06, na ukizidisha vikubwa unapata takribani 15.13. Hata tarakimu ya pili baada ya nukta, basi, haina uhakika, na zile zinazoifuata zimezaliwa na kuzidisha, hazikutoka ukutani. Andika 15.1. Ila usikadirie kabla ya kuzidisha: ukizifanya pande zote mbili kuwa mita 4, utalipia mita za mraba 16.

Jibu la 2
Nakubaliana na 15.1, lakini dukani kanuni ya darasani haitoshi. Boksi moja hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji boksi 10.49 hivi, na ukikadiria kwa kawaida utanunua 10 ubaki na kona tupu. Hapa tunapanda: 11, na mimi ningechukua 12, kwa sababu vigae vya pembeni hukatwa na vingine hupasuka. Kioo cha dirisha ni kinyume chake. Hupimwa kwa milimita na kupunguzwa kidogo, kwani kilichozidi hakiingii kwenye fremu.

Jibu la 3
Msisahau sifuri. Anayeandika mita 3.60 anadai kwamba alisoma hadi sentimita, ilhali 3.6 haidai hivyo. Husimuliwa kwamba wapimaji wa Uingereza nchini India walikokotoa kimo cha mlima Everest wakapata futi 29,000 kamili, kisha mwaka 1856 kikatangazwa kuwa futi 29,002, watu wasije wakadhani kuwa kimekadiriwa tu. Kuandika "hadi futi iliyo karibu" kungemaliza kazi bila kuongeza futi mbili za uongo.

Muulizaji
Nawashukuru, nimeagiza boksi 12. Mwanangu hakuridhika, nikampa tepu apime upana mahali patatu. Amepata 3.62, 3.61 na 3.63, kwa maana plasta yetu haijanyooka, akazifuta zile desimali mwenyewe.