Gumzo la ukoo: kidonge cha Limitless

*Zuhura:* Shikamooni wakubwa. Hiyo filamu ya Limitless ya 2011, ile ya Eddie anayemeza kidonge cha NZT akawa na akili kupita kiasi, mmeiona? Kaka Idi, ile picha inayopenya mtaa hadi mtaa New York bila kusimama, inafanywaje?

*Idi:* Hakuna kamera inayokimbia hapo. Ni picha nyingi zilizounganishwa, kila moja inachomoza katikati ya iliyotangulia. Ukitaka kuijaribu: kamera kwenye miguu mitatu, rekodi kwa 4K, hariri kwa 1080, ambayo upana wake ni nusu ya 4K. Hapo unaweza kuikuza mara 2 kabla haijaanza kuchakaa.

*Idi:* Lenzi ya milimita 18, kisha 35, kisha 70 (namba ikikua, inavuta karibu zaidi), bila kuhama ulipo. Ya 18 ikifika 200%, unaingiza ya 35 ikiwa 100%, zinakaribia kulingana. Ukimaliza ya 70, sogea mtaa wa mbele uanze tena na 18.

*Faraji:* Mbona ukiweka mwanzo 100 na mwisho 200 mwendo unapoa katikati?

*Idi:* Programu inajumlisha kiasi kilekile kila sekunde. 100 kwenda 110 ni sehemu ya kumi, 190 kwenda 200 ni kama sehemu ya ishirini tu, na jicho linafuata uwiano. Inabidi uzidishe. Kwa sekunde 4: 100, 119, 141, 168, 200.

*Idi:* Kinachoharibu zaidi ni watu na magari. Ukibadilisha lenzi, mwenye koti jekundu keshapita, kwenye kiungo anatoweka ghafla. Dawa yake ni kufunga kamera 3 pamoja zirekodi kwa wakati mmoja. Ila hapo kila moja ina pembe yake, nguzo iliyo karibu itaruka. Tafuta mtaa ambao mbele yako pako wazi.

*Zuhura:* Na rangi?

*Idi:* Eddie akiwa hajameza, kila kitu kimepauka kibuluu. Akimeza, mwanga unageuka wa dhahabu. Kwangu huo ndio uandishi bora wa filamu nzima, hauhitaji neno.

*Shangazi Rehema:* Marahaba Zuhura. Ile aliyoambiwa Eddie, kwamba tunatumia asilimia 20 tu ya ubongo, msiibebe. Ubongo wote unafanya kazi, hata umelala. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Hakuna chumba kilichofungwa kinachosubiri kidonge.

*Faraji:* Shangazi, ila dawa ya modafinil si ipo kweli?

*Shangazi Rehema:* Ipo, ya wagonjwa wanaopitiwa na usingizi mchana, kwa cheti cha daktari. Inakuweka macho, haikupi akili usiyokuwa nayo. Mwili huchukua kama saa 12 hadi 15 kuondoa nusu yake. Aliyemeza saa sita mchana, saa sita usiku bado anayo karibu nusu. Usingizi hapati, na usingizini ndimo ubongo unapohifadhi ulichosoma. Sasa umesoma kwa faida gani?

*Shangazi Rehema:* Na hili wasichana walishike: inalihimiza ini kuvunja homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, kinga ya mimba inapungua, hata mwezi mmoja baada ya kuiacha. Ukiona vipele au malengelenge mdomoni, acha palepale, nenda hospitali.

*Zuhura:* Na wale waliougua baada ya kuacha NZT?

*Shangazi Rehema:* Arosto ni ya kweli hata kama kidonge ni cha kubuni. Ubongo umeshazoea kusukumwa. Ukikata ghafla unabaki na uchovu, huzuni na usingizi mzito. Ndiyo maana dawa nyingine hupunguzwa kidogo kidogo.

*Faraji:* Asiyeiona aruke hapa. Ile damu ya mtu aliyejidunga NZT, aliyoinywa Eddie ili apate dawa, ingemsaidia?

*Shangazi Rehema:* Piga hesabu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Bilauri ya mililita 200 ni asilimia 4, hata dawa yote ingekuwa bado kwenye damu. Na dawa nyingi huwa zimeshaingia kwenye mafuta na misuli. Asingepata hata kijisehemu cha maana cha dozi.

*Idi:* Ila lile tukio limehaririwa vizuri, Shangazi.

*Shangazi Rehema:* Hilo sikatai.