Mafundi wako ndani, maji yanafungwa saa mbili: mayai ya asubuhi mnayapika vipi?

Ghorofa_ya_3

Habari za humu wadau. Fleti ipo Upanga, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lenye bomba za chuma. Zinang'olewa zote na kuwekwa za PPR (plastiki inayoungwa kwa joto), na vigae vya jikoni na bafuni vinabadilishwa humohumo. Kazi ni ya wiki tatu. Sinki limeshatolewa, jiko kubwa limefunikwa turubai. Maji ya jengo zima yanafungwa saa mbili asubuhi, yanarudi saa kumi jioni yakipenda.

Kilichobaki ni chumba kimoja cha kulala: soketi mbili, jiko la umeme la sahani moja la wati 1,500, birika la wati 2,000, sufuria ndogo na kikaango. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake upo pia. Walaji ni wanne, wawili ni watoto wa shule wanaotoka saa kumi na mbili na nusu.

Siulizi makubwa: mayai, mkate, chai. Nataka mpango wa maji machache na vyombo vichache, na yai lisilo na ladha ya saruji.

Trei_Nzima

Mkuu, acha kuchemsha mayai yakiwa yamezama. Mayai manne kwenye sufuria ya sentimita 16 yanataka karibu lita nzima ili yafunikwe. Yapike kwa mvuke, kikombe kimoja kinatosha.

Mimina maji ya kikombe (mililita 250 hivi), yatapanda kama sentimita moja tu. Funika, acha yachemke kwelikweli, ndipo uweke mayai kwa kijiko, funika tena na upunguze moto hadi mfuniko ucheze kidogo tu. Anza kuhesabu hapo. Dakika 6 ute umeshika na kiini bado kinamwagika. Dakika 9 kiini ni laini katikati. Dakika 11 kikavu, cha kubeba shuleni. Hesabu hizi ni za yai lililolala nje ya friji. Likitoka kwenye friji ongeza dakika moja.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuacha moto juu kabisa: maji yanakauka kabla ya dakika 11, sufuria inaungua na ganda linapata doa la kahawia. La pili ni kuanza na mayai kwenye maji baridi. Ute unapata joto polepole, unagandana na ngozi ya ndani, na ukimenya unaondoka na nusu ya yai. Yai la jana kutoka bandani nalo ni sumbufu kumenya hata ufanyeje. Nunua trei wiki moja kabla.

Ukishaepua, yai linaendelea kuiva kwa joto lake. Kama huna maji ya kulipoza, litoe dakika moja mapema. Kama unayo, nusu lita kwenye bakuli inatosha, na maji hayo hayamwagwi, yanakwenda kwenye ndoo ya choo. Ule mzunguko wa kijani kwenye kiini ni chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute kwa kuiva kupita kiasi. Hauna madhara, ila watoto wataukataa.

Kumenya: gonga upande butu, ndiko kuliko na nafasi ya hewa, kisha ingiza kidole chini ya ngozi.

Na tafadhali, mtu asikudanganye upike mayai ndani ya birika. Ganda likipasuka, ute unaganda kwenye chuma cha kuchemshia na chai itanuka yai mwezi mzima.

Kaanga_Tu

Yai la mvuke kila siku kwa wiki tatu ni adhabu. Kaanga, bora kikaango kiwe kisichoshika. Kitunguu nusu na hoho robo vikatwe usiku, viwekwe kwenye kopo lenye mfuniko. Nyanya moja, toa mbegu na maji yake, kaanga mpaka ikauke ndipo umimine mayai manne. Ukiacha maji ya nyanya, mayai yanajitenga na kuogelea. Kula humohumo kwenye mkate, kikaango futa kwa karatasi kikiwa bado cha moto. Sahani hazihusiki.

Trei_Nzima

@Kaanga_Tu sina ugomvi na ladha. Ila mafuta yanaruka, na mafuta yakikutana na vumbi la saruji kwenye godoro na ukuta wa chumba cha kulala, huo ni usafi mwingine. Siku ya mapumziko ya mafundi, sawa.

Waya_wa_Nyumba

Kabla ya mapishi, umeme. Jiko la 1,500 kwa volti 230 linavuta ampea 6.5. Birika la 2,000 linavuta 8.7. Ukiviweka kwenye ekstensheni moja ni ampea 15 na ushee, wakati plagi yake ina fyuzi ya 13. Msitegemee fyuzi iwaokoe: fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 15, inavumilia muda mrefu, na plastiki ya soketi inaanza kulainika. Hiyo harufu ya samaki aliyeoza watu wanayodhani inatoka jikoni mara nyingi ni plagi inayoungua.

Kwa hiyo birika kwanza, jaza chupa ya chai, chomoa, ndipo jiko. Jiko lichomekwe ukutani moja kwa moja. Kama lazima ekstensheni, soma unene ulioandikwa kwenye waya: 1.25 mm² unabeba jiko, 0.75 mm² hapana. Ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote, ikibaki imezungushwa inajipika yenyewe. Baada ya dakika 10 shika plagi. Vuguvugu ni kawaida, ikichoma mkono zima.

Muulize pia fundi grinda yake (mashine ya kukatia) kachomeka wapi. Mara nyingi ni sakiti ileile ya vyumba. Grinda kubwa ikiwaka wakati jiko lipo, breka inaanguka na yai lako limebaki nusu. Na kama wanatindua ukuta wenye soketi yako upande wa pili, usiitumie mpaka wamalize na imekaguliwa.

Gesi: inafaa, ila ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Usiwashe wakati grinda inatoa cheche, gundi ya bomba inapakwa, au mtu ana thina. Paka povu la sabuni kwenye valvu kila unapofunga jiko upya. Likitoa mapovu, funga. Kwenye baraza lenye upepo usizungushie mabati kuukinga moto, joto litarudi kwenye mtungi ulio chini yake. Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa nailoni hata usiufikirie.

Ghorofa_ya_3

Asanteni, nimeelewa: birika, kisha jiko, kisha mvuke. Bado vumbi. Asubuhi meza ina ukungu mweupe hata kama mafundi waliondoka jana jioni.

Vigae_na_Grauti

Hilo ndilo vumbi baya, dada au kaka. Lile zito linaanguka mara moja, jepesi linaelea saa kadhaa baada ya grinda kunyamaza, linatua usiku. Fundi akate vigae kwa maji, au akatie nje. Mlangoni ning'iniza nailoni nzito mbili zinazopishana sentimita 30, zibandikwe juu na pembeni, chini zigandamizwe kwa kitambaa kibichi. Feni iwekwe dirishani kwenye chumba cha kazi ikitazama nje, isiwe kwenu; ikitazama ndani inawapulizia ninyi. Usifagie pakavu. Futa meza kwa kitambaa kibichi, kikunje kila mpapaso, na usikikung'ute humo ndani.

Mayai yakae kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na rangi na thina. Ganda lina vitundu vidogo vidogo, linanyonya harufu. Usiyaoshe usiku kujiandaa, maji yanaondoa utando wa nje na kusukuma uchafu ndani. Yafute kwa kitambaa kikavu dakika ile unayapika.

Robo_Tatu

Naongezea upande wa bomba, maana chai yenu itaharibikia hapo. Maji yakirudi saa kumi yanakuja na hewa na kutu iliyobanduka kwenye chuma cha zamani, pamoja na vinyweleo vya plastiki vya PPR iliyokatwa vibaya. Fungua kichujio cha mdomo wa bomba kwanza, acha yatiririke mpaka yawe meupe, ndipo ujaze ndoo ya kupikia. Kama kuna hita ya kuogea, isiwashwe umeme kabla maji hayajatoka mfululizo bila kukohoa.

Hesabu ya asubuhi kwa watu wanne: chai lita moja na nusu, mayai kikombe na nusu lita ya kupozea, vyombo lita tatu. Ndoo moja ya lita 20 inabaki na ya mikono. Choo ni ndoo tofauti, lita 6 hadi 9 kila mara, hapo ndipo maji yanapoishia.

Na ukiwa unasubiri mayai dakika 11, mtazame fundi anavyounga. PPR ya mm 20 inapashwa sekunde 5, ya 25 sekunde 7, mashine ya kupashia ikiwa nyuzi 260. Akiiacha inaiva kama chapati, plastiki inajikunja ndani na kuziba njia, na presha ya ghorofa ya tatu itakuwa ya kudondoka. Mwambie akate kiungio kimoja cha majaribio, ukitazame ndani kabla hajafunika ukuta.

Ghorofa_ya_3

Kesho nitamwomba akate kimoja. Trei imeshahamia kwenye ndoo.