Mrejesho: Windows 11 imeingia kwenye laptopu ya zamani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama Windows 11 inaweza kukubali kwenye laptopu yangu ya Intel kizazi cha 6, isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai). Imekubali!

Flashi niliiandaa kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia Windows), nikaweka tiki pale pa kuondoa masharti ya TPM na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka). Kilichonitesa ni Wi-Fi: mashine imewaka vizuri, alama ya mtandao haipo kabisa. Nikachomeka simu kwa waya, nikatumia bando lake kushusha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, ikarudi.

Masasisho ya usalama ya kila mwezi yanaingia. Toleo kubwa la mwaka nitaliweka mwenyewe kwa flashi.

Aliyesisitiza ninakili mafaili kwanza, Mungu akubariki sana. Diski niliifuta yote.