Mkia wa A haushiki kwenye RNA: tatizo ni kimeng'enya au ncha?

Binti_Kisauni: Wadau, salaam aleikum. Nina RNA ya nukleotidi 900 iliyoandikwa na polimerasi ya T7 (kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA), mwisho wake umekatwa na ribozaimu (RNA inayojikata yenyewe). Nikiitia polimerasi ya poli-A ya E. coli (inayoongeza mkia wa adenini, A) na ATP (inayotoa hizo A), nusu saa kwa digrii 37, bendi haipandi hata kidogo kwenye jeli, yaani RNA haijarefuka. La pili: kama hakuna kiolezo (uzi wa kunakiliwa), kimeng'enya chajuaje kwamba kitie A tu?

Fundi_Tudor: Waaleikum salaam dada. Mshukiwa wa kwanza ni ribozaimu. Nyingi zikikata huacha fosfeti iliyojifunga kati ya kaboni 2' na 3' za sukari ya mwisho, na kimeng'enya chako chataka haidroksili huru ya 3'. Bila hiyo, hata ukimwaga ATP mkia hauanzi. Itie kwanza T4 polinukleotidi kinasi bila ATP, nusu saa kwa 37, ing'oe ile fosfeti, kisha safisha RNA.

Halafu changanya: RNA maikrogramu 10 katika maikrolita 15 za maji, bafa ya mara 10 maikrolita 2, ATP ya milimola 10 maikrolita 2, kimeng'enya yuniti 5 katika maikrolita 1. Fanya hesabu: hizo ni kama pikomoli 35 za ncha kwa pikomoli 20,000 za ATP, yaani ATP 570 hivi kwa kila ncha. Ukipunguza RNA iwe maikrogramu 1, kila ncha yapata 5,700, na mikia hurefuka kupita kiasi. Uwiano huo ushike kuliko saa.

Na weka mrija mmoja usio na kimeng'enya, la sivyo jeli haitakwambia kitu.

Mja_wa_Likoni: Angalia EDTA pia, kemikali inayonasa magnesi ambayo kimeng'enya huihitaji. Kidogo cha TE (bafa yenye EDTA kidogo) hakidhuru, lakini ukiwa uliizima T7 kwa EDTA ya milimola 50 na hukusafisha, magnesi yote ya bafa (milimola 10) imeshanaswa. Na kwa joto letu hili la Mombasa, mrija ukitoka kwenye friza hutokwa jasho: upanguse na uuzungushe kwanza kabla ya kufungua, maji ya nje yasiingie na RNase (vimeng'enya vinavyokata RNA).

Mwalimu_wa_RNA: Swali la pili ni tamu. Uchaguzi umo kwenye mfuko wa kimeng'enya chenyewe: amino asidi zake huikubali adenini kuliko besi nyingine. Ndiyo maana mabaki ya UTP na CTP (vijenzi vya U na C) kutoka T7 yasafishwe, maana ukali wake si kamili.

Kinachoshangaza zaidi ni kile kimeng'enya kinachomalizia tRNA (RNA inayobeba amino asidi) kwa CCA. Kituo kimoja tu cha kazi: hutia C, tena C, halafu umbo la mfuko hubadilika na kukubali A, kisha nafasi huisha na kazi husimama. Linganisha na polinukleotidi fosforilasi, iliyoripotiwa na Grunberg-Manago na Ochoa mwaka 1955: hiyo hutumia nukleotidi za difosfeti (kama UDP) na haichagui. Ukiipa UDP pekee wapata poli-U, ile iliyowawezesha Nirenberg na Matthaei mwaka 1961 kuonyesha kwamba poli-U husomwa kuwa amino asidi fenilalanini.

Binti_Kisauni: Shukran sana. Je, nikitaka A 120 kamili?

Fundi_Tudor: Kwa kimeng'enya hiki hupati, kila molekuli hutoka na urefu wake, ndiyo maana bendi hufifia kwenda juu. Weka T 120 kwenye uzi wa kiolezo wa DNA, T7 iandike mkia yenyewe, na ribozaimu uiache.